Utambulisho wa Valvu ya Tatu

Kosa la Gwamaka lilikuwa kueleza vizuri. Kama angekohoa kidogo na kusema kwamba jambo lile ni la kitaalamu, kamati ya maji ingempa ile heshima ambayo watu huyapa mambo wasiyoyaelewa, ingemwacha aendelee na kazi yake, na bomba la mama yake lingetoa maji bila hotuba ya mtu yeyote. Lakini Gwamaka alikuwa amesoma, na aliyesoma husumbuliwa na tamaa ya kueleweka.

Mambo yalianza na radi. Kijiji chao, katika vilima vya juu ya Itumba, kilikuwa na tenki la zege lililojazwa na chemchemi, na kando ya tenki kijumba cha matofali chenye bodi ya kompyuta. Bodi hiyo ilifungua na kufunga maji kwa zamu, kitongoji kimoja baada ya kingine, kwa kuwa chemchemi haikuwa na uwezo wa kuwaridhisha wote kwa pamoja. Radi ilipopiga, iliwaacha mbuzi waliojibanza ukutani, ikaliacha bati, ikaliacha hata bango lenye majina ya wafadhili, ikaichagua bodi. Kamati iliutafakari uteuzi huo kwa muda, ikaona hauna rufaa, ikampigia simu Gwamaka.

Alikuwa na kibanda Tunduma, karibu na foleni ya malori ya mpakani, ambamo alifunga na kutengeneza vifaa vya kufuatilia mizigo. Madereva wa Kizambia walimwita mukwai, yaani bwana, wakamwambia natotela, asante ya kwao, alipomaliza, wakavuka kwenda kwao. Humo kibandani alikuwa ameona lori lililolala Tunduma juma zima huku ramani ya mwenye mali ikilionyesha likikata mapori kuelekea Lusaka, kwa sababu kifaa kilichoandikiwa jina la lori hilo kilikuwa kimefungwa kwenye lori jingine. Mwenye mali alifurahi mno kwa mwendo huo. Tangu hapo Gwamaka hakuwa na maswali mengi kuhusu ukweli.

Alifika kijijini na bodi mpya, ya kampuni nyingine, ndani ya boksi la viatu. Kabla ya kwenda kwa kamati alipitia Bondeni kumsalimu mama yake.

Bondeni ndicho kitongoji alichozaliwa, na kwa mujibu wa mradi wa maji hakikuwepo. Mradi ulitaja vitongoji vitatu: Kanisani, Shuleni na Mlimani. Watu wa Bondeni, baada ya kusubiri kutajwa hadi wakachoka, walichimba mtaro wao wenyewe kutoka kwenye tenki, wakalaza mabomba, wakaweka koki ya mkono. Kamati iliiondoa koki hiyo kwa maelezo kwamba inavuruga ratiba ya umeme. Basi wakamwagiza Gwamaka valvu ya umeme kutoka Tunduma, ya aina ileile waliyokuwa nayo wenzao, wakaifunga mahali pa koki. Haikuwa na mshikio. Bila kuamriwa na bodi ilikuwa chuma tu, na bodi ya zamani haikuwahi kuiamuru.

Mama yake, Nesta, alikuwa amelivika bomba la uani kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda. Huko Tunduma mnakula moshi wa malori?"

"Kopo la nini hilo?"

"Nyigu wanaingia. Mwaka jana walijenga humo ndani. Nikasema, angalau kuna wanaolitumia." Alikaa kwenye kigoda akanyoosha mguu wa kulia, ule wenye goti bovu, kwa mikono yote miwili, kama mtu anayehamisha mzigo usio wake. "Nilianguka tena kule mtoni. Si kuanguka kwa maana, nilikaa tu ghafla. Ndoo ndiyo iliyoanguka."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungeleta nini? Goti?"

Gwamaka alilitazama goti, akalitazama kopo. "Safari hii maji yatatoka, mama. Bodi ni mpya na naifunga mimi. Valvu yenu naiunganisha na nyingine, na naiandika. Haitakuwa na njia ya kukataa."

"Utaiandika," alisema Nesta. "Haya. Tumeandikwa mara nyingi."

Siku hiyohiyo Gwamaka alipanda hadi kwenye tenki akafunga nyaya. Bodi ilikuwa na sehemu nne za kufungia, zilizopewa namba. Ya kwanza aliifunga kwenye valvu ya Kanisani, ya pili kwenye valvu ya Shuleni. Valvu ya Mlimani hakuiona. Alizunguka tenki lote akiitafuta, kisha akainua macho akaona kwa nini: kitongoji cha Mlimani kilikuwa juu ya tenki, kwenye mgongo wa kilima, na moshi wa majiko yake ulikuwa ukishuka taratibu kuelekea pale aliposimama. Ili maji yafike huko yangelazimika kubadili tabia yao. Akaifunga ya tatu kwenye valvu ya Bondeni, ya nne akaiacha wazi, akaenda kwenye kikao akiwa na furaha ya mtu anayedhani kazi imeisha.

Kikao kilikuwa katika ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa Mzee Asajile, mwalimu mkuu mstaafu aliyemfundisha Gwamaka kusoma, kuandika, na kutonyoosha kidole kabla ya kuulizwa. Tangu astaafu alikuwa mshereheshaji wa shughuli zote za kata, na sifa yake kubwa ilikuwa utambulisho wa wageni. Hakuna aliyemzidi. Kulikuwa na harusi moja Isongole ambako alitambulisha kwa ukamilifu kiasi kwamba bwana harusi, alipofikiwa, alikuwa amesinzia. Pembeni yake alikaa Kefa, katibu, kijana mwenye tai. Kiti cha dirishani kilikuwa cha Bi Enesi, mjumbe wa Mlimani, mwanamke mkavu wa umri wa mama yake Gwamaka, ambaye hakuwahi kukosa kikao na hakuwahi kupewa sababu ya kuhudhuria.

"Fundi," alisema Mzee Asajile, "umefunga?"

"Nimefunga, mwalimu. Sasa nakwenda kuandika maelezo ya vifaa, halafu naiwasha."

"Maelezo ya nini? Si umeshafunga?"

Hapo ndipo Gwamaka alipopaswa kukohoa, na hakukohoa.

"Kompyuta ya mezani, mwalimu, ukiiwasha huuliza yenyewe: nani yuko hapa? Vifaa vyake vinajibu. Bodi ndogo kama hii haiulizi, na valvu haina mdomo wa kujibu. Ndani ya bodi kuna programu inayotawala programu nyingine zote, wenyewe tunaita kiini. Kiini kinaamka hakimjui mtu. Sharti kipewe maandishi: kuna valvu hii, inaitwa hivi, iko kwenye waya namba fulani, inaruhusiwa kufanya kazi au hairuhusiwi. Maandishi hayo tunayaita mti wa vifaa."

"Mti?"

"Una shina na matawi, mwalimu. Bodi ni shina..."

"Unapandwa wapi?" aliuliza Kefa, akiwa tayari na kalamu.

Gwamaka alizitazama nyuso zao. Ziliendelea kuwa nyuso za watu waliokuwa karibu kabisa kumruhusu aondoke. Dakika moja zaidi ya ujinga huo mtukufu, naye angekuwa tenkini. Lakini aliwahurumia.

"Chukulieni hivi," alisema. "Kiini ni mgeni rasmi. Amefika kijijini, hamjui mtu yeyote. Amekaa meza kuu. Maandishi hayo ndiyo utambulisho. Aliyetambulishwa, mgeni rasmi anamjua na anamtuma kazi. Asiyetambulishwa anaweza kuwa amekaa mbele kabisa, amevaa suti, na kwa mgeni rasmi hayupo."

Safari hii walielewa. Mzee Asajile aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena.

"Kumbe," alisema kwa upole. "Na wewe ulitaka kwenda kuandika utambulisho peke yako?"

"Ni... ni faili dogo tu, mwalimu."

"Hakuna utambulisho mdogo. Nimetambulisha watu katika wilaya hii kabla hujaota meno ya pili. Kefa, andika: agenda ya utambulisho wa valvu."

Bi Enesi alisogeza kiti chake kutoka dirishani hadi mezani.

Walianza na utangulizi. Mzee Asajile alitaka kujua kama kiini kinapenda kusalimiwa kwanza. Gwamaka alieleza kwamba mstari wa kwanza hutaja aina ya bodi, ili kiini kijue kimeamka ndani ya mwili gani, na mwenyekiti akaridhika kwamba itifaki imezingatiwa. Kanisani ikapewa waya wa kwanza bila mjadala, kwa sababu ya kanisa. Shuleni ikapewa wa pili, kwa sababu ya mwenyekiti. Kwa bahati njema, au kwa sababu aliyezifunga naye alilelewa kijijini hapo, ndivyo nyaya zilivyokuwa.

"Wa tatu ni Mlimani," alisema Mzee Asajile.

"Mwalimu, Mlimani haina valvu."

"Haina leo."

"Haina bomba. Iko juu ya tenki. Maji hayapandi..."

"Fundi." Aliyesema ni Bi Enesi, na hakupaza sauti. "Ripoti ya mradi inasema Mlimani ina maji. Imesema hivyo kwa wafadhili, imesema hivyo bomani. Unadhani mimi sijui kama sina maji? Mimi ndiye ninayeshuka na ndoo hadi mtoni, napita hapo chini kwenu, mama yako ananiona. Lakini siku mtakapotutoa kwenye hayo maandishi, hata wa kumdai hatutakuwa naye. Sasa hivi angalau inadaiwa tunayo. Tuache humo."

Gwamaka alikuwa na majibu mazuri kwa kila aina ya ujinga, na huu haukuwa mojawapo. Akasema kiini hakina uwezo wa kukagua. "Mkikiambia kuna valvu, kitaamini. Kitapeleka umeme kwenye waya huo, kitaandika kwenye kioo cha bodi kwamba Mlimani imefunguliwa, na hakitajua kama mwisho wa waya kuna valvu, kuna mbuzi au hakuna kitu."

"Mgeni rasmi mzuri huyo," alisema Kefa kwa dhati.

"Basi Mlimani iwe ya nne," alisema Gwamaka. "Sehemu ya nne iko wazi, haitamdhuru mtu. Ya tatu ni Bondeni."

Jina hilo liliposemwa Kefa aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi, asije akaliandika kwa bahati mbaya.

"Bondeni haijatambuliwa," alisema Mzee Asajile.

"Ina valvu, mwalimu. Iko pale, chuma kabisa, unaweza kuishika. Bomba limefika hadi nyumbani kwa mama yangu."

"Siongelei chuma. Naongelea utambulisho. Wewe mwenyewe umetufundisha sasa hivi: aliyekaa mbele na suti yake, kama hakutambulishwa, hayupo. Umeeleza vizuri sana. Tulikuwa na wageni wa namna hiyo kwenye kila shughuli, na hatukuwa na maneno ya kuwaeleza."

Gwamaka alihisi mfano wake ukigeuka na kumtazama.

Alijaribu njia ya suluhu. Alisema kwamba maandishi yale yana nafasi ya hadhi, na kwamba kifaa kinaweza kuandikwa kikamilifu, jina na waya, huku hadhi yake ikiwa kimezuiwa. Kiini hukipita kama hakipo. Siku kibali kikipatikana, linabadilishwa neno moja tu. Aliamini kwamba kuandikwa na kuzuiwa ni karibu zaidi na maji kuliko kutoandikwa, na Mzee Asajile, ambaye maishani mwake alikuwa amewaketisha watu wengi ukumbini bila kuwasimamisha, aliipenda fikra hiyo papo hapo.

"Bondeni iandikwe, izuiwe. Wakae, wasisimame. Ni utaratibu wa kistaarabu. Na Mlimani iwe ya tatu, iruhusiwe."

"Ya nne, mwalimu."

"Ya nne ipo nyuma ya ya tatu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kwa hiyo Mlimani, kitongoji kinachotambuliwa, kikae nyuma ya Bondeni ambacho kimezuiwa?"

"Hizi namba si vyeo, mwalimu. Ni matundu ya kufungia nyaya."

"Kila namba ni cheo, Gwamaka. Ulikuwa wa ngapi darasani?"

"Wa kwanza."

"Na ulifurahi. Mlimani ya tatu. Bondeni nayo iandike popote upendapo, haisimami."

Waya wa tatu ulikuwa umekwisha kukazwa kwenye valvu ya Bondeni, kwa mkono wake mwenyewe, na skrubu nzuri. Gwamaka alifungua kinywa ili aseme hivyo. Sentensi ilikuwa tayari, fupi, na yenye kiima na kiarifu: waya wa tatu hauendi Mlimani.

"Fundi," alisema Kefa, "kuna ulichoulizwa?"

Alimtazama mwalimu wake wa zamani, aliyekuwa akimsubiri kwa uso uleule wa ubaoni. Aliliona goti la mama yake likihamishwa kwa mikono miwili. Akafunga kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu darasa la pili, mafundisho ya Mzee Asajile yalimfaa.

Aliandika kama alivyoagizwa. Kanisani, waya wa kwanza, imeruhusiwa. Shuleni, waya wa pili, imeruhusiwa. Mlimani, waya wa tatu, imeruhusiwa. Bondeni, waya wa tatu, imezuiwa. Mahali pengine popote vifaa viwili kudai waya mmoja kungekuwa ugomvi, na kiini kingemkatalia wa pili. Lakini kwa kuwa mmoja wao alikuwa amezuiwa, hapakuwa na mgogoro wowote. Kilikuwa kijiji chenye amani. Mwenyekiti aliyasoma maandishi kwa sauti, akatia saini, na Gwamaka akayageuza kuwa lugha ya bodi.

Uzinduzi ulifanyika Jumapili baada ya ibada. Turubai lilifungwa karibu na tenki, kwaya ikaimba, na mgeni rasmi, safari hii mtu kutoka bomani, akaketishwa mahali ambapo kioo kidogo cha bodi kilikuwa kimevutwa kwa waya hadi meza kuu, kikiwa na vitufe vyake. Mzee Asajile alitambulisha. Alimtambulisha mgeni rasmi kwa wananchi, wananchi kwa mgeni rasmi, wazee kwa vijana, na wawili ambao hawakuwa wamefika walitambulishwa pia na kupigiwa makofi mazito kuliko wote. Watu wa Bondeni walisimama nyuma ya turubai, juani. Nesta hakuwepo; goti lilikataa kilima.

Mgeni rasmi alibonyeza kitufe cha kwanza. Kioo kikaandika kwamba Kanisani imefunguliwa, na muda mfupi baadaye zikasikika kelele za furaha kutoka upande wa kanisa. Alibonyeza cha pili, nazo zikasikika kutoka shuleni. Mzee Asajile akakishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Na sasa, mheshimiwa mgeni rasmi, kitongoji kilichovumilia kuliko vyote. Mlimani!"

Kitufe kikabonyezwa. Kioo kikaandika, kwa herufi zilezile na imani ileile: Mlimani imefunguliwa. Ndani ya chemba ya valvu kitu kikagonga. Bomba likaguna chini ya miguu ya watu waliokuwa juani. Wote waligeuza nyuso kuelekea mgongoni mwa kilima na kutega masikio.

Kelele zilitoka chini. Zilianza kwa mwanamke mmoja, zikafuatwa na sufuria, kisha bonde zima likawa linapigwa kama ngoma.

Mgeni rasmi alitabasamu. "Naona Mlimani wamefurahi sana."

"Sana," alisema Mzee Asajile, akitazama bondeni. Rangi ya uso wake ilibadilika, ikarudi, ikabadilika tena. Alimtafuta Gwamaka kwa macho akampata. Gwamaka alikuwa amesimama wima kando ya kijumba, mikono nyuma, midomo imefungwa, akisubiri kuulizwa.

Hakuulizwa. Kumuuliza fundi mbele ya mgeni rasmi kungekuwa kukiri kwamba utambulisho ulikosewa, na Mzee Asajile hakuwahi kukosea utambulisho. Alishusha pumzi, akakisogeza kipaza sauti karibu.

"Mwangwi," aliwaeleza wananchi. "Milima yetu ina mwangwi."

Wakapiga makofi.

Jioni Gwamaka alishuka Bondeni akamkuta mama yake amelitoa kopo bombani. Maji yalikuwa yakitiririka ndani ya beseni na kumwagika, naye alikuwa ameuweka mguu wenye goti bovu chini ya maji hayo, bila sababu yoyote ya usafi.

"Yametoka," alisema Nesta.

"Yametoka, mama."

"Wanasema ni ya Mlimani."

"Ni ya kwenu. Kiini kinafikiri hapa ni Mlimani. Kimeambiwa hivyo."

"Na mwalimu?"

"Mwalimu anajua."

"Atayafunga?"

Gwamaka alikuwa amelipima swali hilo njia nzima. Ili kuyafunga, mwenyekiti angelazimika kuandika kwamba Mlimani haina maji, baada ya mgeni rasmi kuyasikia kwa masikio yake. Ili kuyaacha kwa haki, angelazimika kuandika kwamba Bondeni ipo. Kati ya mawili hayo, Mzee Asajile angetafuta la tatu.

"Hatayafunga," alisema.

Hakukosea, ila hakulijua la tatu. Lilifika kwa miguu siku chache baadaye, kabla hajarudi Tunduma. Bi Enesi alitokea kwenye njia inayotoka kilimani akiwa na ndoo mkononi, na nyuma yake wanawake wa Mlimani wakiwa na ndoo zao, kwa mpangilio, kama watu wenye barua. Aliingia uani kwa Nesta bila kubisha.

"Hodi tumeipiga kikaoni," alisema. "Shikamooni wenyeji."

"Wenyeji gani wa kushikamoana, Enesi, sisi rika moja?" alisema Nesta kutoka kwenye kigoda. "Mnakwenda mtoni?"

"Mtoni hatuendi tena. Tumekuja kuchota maji yetu. Mwenyekiti ametusomea. Mlimani, waya wa tatu, imeruhusiwa. Bomba ndilo hili." Alimgeukia Gwamaka. "Au nimekosea, fundi?"

Gwamaka alitafuta kosa. Alilitafuta kwa uaminifu, kuanzia kwenye shina hadi kwenye matawi.

"Hujakosea, mama."

"Basi. Na mwenyekiti ameandika bomani kwamba wananchi wa Mlimani wanachota maji ya bomba. Kwa mara ya kwanza hajasema uongo, maskini. Sijui alilalaje."

"Na sisi?" aliuliza Nesta. "Sisi wa Bondeni tunachota wapi?"

"Nyie mmezuiwa," alisema Bi Enesi, akaiweka ndoo chini ya bomba. "Lakini mimi mjumbe wa Mlimani nawaruhusu. Mkiwa na adabu."

Kifua cha Nesta kikaanza kutikisika kwa kicheko, Bi Enesi naye akaanza, na wanawake wenye ndoo wakaanza bila kujua wanacheka nini. Gwamaka peke yake hakucheka. Alikuwa akihesabu kichwani urefu wa njia kutoka Mlimani hadi pale, na kurudi, kupanda, na maji kichwani: ilikuwa nusu ya ile ya mtoni. Ripoti haikusema maji yatapandaje.

"Mwanao hacheki," alisema Bi Enesi.

"Ni msomi," alisema Nesta. "Gwamaka, baba, msaidie mama mkubwa wako ndoo hiyo. Mpeleke hadi kwake."

"Hadi Mlimani?"

"Si wewe ndiye uliyeiandika?"

Aliichukua ndoo, akaipandisha kichwani, akaanza kukipanda kilima. Alipopita kwenye tenki, maji yakimchuruzika shingoni, aliusikia waya wa tatu ukifanya kazi yake kwa ukimya kamili, nyuma ya ukuta wa matofali, bila shaka hata kidogo.